Uji wa Chumvi Kichwani

Katika Turkana nzima ya miaka ile ya tisini, mtu aliyejua kusoma umeme wa ubongo alikuwa mmoja, na alikuwa mimi. Nasema hivi bila kujivuna sana. Kujivuna kidogo nakubali. Mashine yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, ina kalamu nyembamba zilizopangwa safu, na chini ya kalamu hizo karatasi ndefu ikipita polepole. Unambandika mgonjwa vijikombe vidogo vya fedha kichwani, kila kimoja na waya wake, unawasha, na kalamu zinaanza kuchora. Waliokuja kuchungulia dirishani waliamini inaandika mawazo. Niliwaacha waamini, maana iliwafanya wakae kimya.

Kazi hiyo nilijifunza Nairobi. Nilikuwa msichana wa Kataboi, kijiji cha kando ya ziwa, aliyekulia katika bweni la misheni, na niliporudi Lodwar na koti jeupe, shangazi zangu walikuja kuligusa kitambaa. Hospitalini kila mwanamke mwenye koti jeupe aliitwa sista, nami nikawa sista wa mashine.

Lodwar na mashine ile havikupendana. Jasho likimtoka mgonjwa, kalamu zote hupanda na kushuka kama zimelewa. Ukiwasha feni apoe, umeme wa feni nao unajichora juu ya karatasi. Kwa hiyo nilipima asubuhi tu, kabla bati la paa halijaanza kulia kwa joto. Halafu kulikuwa na nywele. Mama zetu hunyoa pande za kichwa na kuacha utepe katikati, umesokotwa vizuri na kupakwa mafuta, na kijikombe hakishiki penye mafuta hata ukikibembeleza. Nilisugua kwa pamba na spiriti mpaka vidole vikachubuka. Shanga nazo zilijaa shingoni hadi kidevuni. Sikuthubutu kumwambia mama yeyote azivue. Nilizifunga kitambaa zisigongane na nyaya, na kazi ikaendelea. Vitabu nilivyosomea havikuwa na ukurasa wa shanga.

Baada ya kusugua, unapaka uji. Jina lake la kitabuni silitaji hapa. Ni kitu kizito, cheupe, chenye chumvi nyingi, kinachofanya umeme upite kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye waya. Wagonjwa waliuita uji, nami nikauita uji. Nilifundishwa kwamba kila ninaposugua na kupaka nimuulize mgonjwa kama inauma. Lakini mwambie mtu mwenye maumivu ya miaka mingi, “Inauma?” uone atakavyokueleza tangu alipozaliwa. Nikaligeuza swali. Kwa Kiturkana nikawa nauliza, “Imetulia?” naye anajibu, “Imetulia.” Nahamia sehemu nyingine ya kichwa, nauliza tena, anajibu tena. Waliokuwa wakingoja kwenye benchi nje ya mlango walizoea, wakawa wanajibu naye kwa pamoja, “Imetulia!” Nilidhani ni uchangamfu wao tu. Nilipenda, ilinifanya nifanye kazi haraka.

Daktari aliyeileta mashine alitoka Nairobi. Alikuwa mtu wa milimani, kijana bado, mwenye adabu na ukaidi kwa kipimo kimoja, na alivaa tai hata siku ambazo mbuzi walikataa kutoka kivulini. Swali lake lilikuwa zuri, na nilimpenda kwa swali hilo kabla sijaanza kukasirishwa naye. Inajulikana, alisema, kwamba mtu akipewa kidonge kisicho na dawa yoyote ndani yake, akaamini kinaweza kumsaidia, mara nyingine maumivu yanapungua kweli. Je, anasema tu kwamba yamepungua, au kuna kitu kinabadilika ndani ya kichwa? Kalamu zingejibu. Mtu mwenye maumivu, hata akifumba macho, kalamu zake hukwaruza vistari vidogo vya haraka visivyo na mpangilio. Akitulia, yanakuja mawimbi ya mviringo, yanayofuatana sawasawa kama shanga kwenye uzi.

Tuliwachukua watu wenye maumivu ya siku nyingi, ya mgongo, ya magoti, ya mabega. Tuliwaambia wazi kwamba si kila kidonge duniani kina dawa, na kwamba wengine wao watapewa kidonge na wengine watapimwa tu. Wakakubali. Vidonge vile vilikuwa vitupu vyote, lakini hilo tungewaeleza mwishoni. Wasiopewa kitu ndio walikuwa kipimo chetu: hao wangebaki na maumivu yao, ndipo tuone kidonge kitupu kimefanya nini kwa wenzao.

Tulianzia Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Tuliifunga mashine kwa magodoro nyuma ya gari, nami nikakaa karibu nayo njia nzima nikiishika kama mgonjwa. Kambini tulipewa chumba cha mabati, tukawapima wakimbizi waliotoka Sudan ya kusini. Mkalimani aliwaeleza kila kitu kwa pamoja mlangoni, kwa lugha yao, kisha akatoka, nami nikafanya kazi kimyakimya kwa sababu hatukuwa na lugha ya kuongea. Ilikuwa kazi safi kabisa. Waliomeza kidonge kitupu, wengi walipata nafuu na mawimbi yao yakalainika. Ambao hawakupewa kitu walibaki walivyokuwa.

Namkumbuka mmoja wa hao, mama muuza chai aliyevuta mkono mmoja kama mzigo. Alikuwa amesuka nywele zake upya Jumapili kwa ajili ya kanisa. Nilipomaliza kumpima mara ya mwisho alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akanawa kichwa kwa hasira.

“Sista, hii uji yako inaharibu nywele yangu tu,” aliniambia. “Mkono bado inauma. Iko vile vile.”

“Pole sana, mama.”

“Malesh, si kitu. Kuja kunywa chai.”

Nikanywa chai yake, na kwa kweli nilimhurumia, lakini moyoni nilifurahi kwamba kipimo kimekaa sawa. Ndivyo utafiti unavyomfanya mtu.

Kisha tukarudi Lodwar, kwa watu wangu, na mambo yakaharibika. Waliopewa kidonge walipata nafuu. Ambao hawakupewa kitu nao walipata nafuu, tena wengine kuwashinda wenzao. Mzee aliyekuja akibebwa na wanawe alikuja mara ya pili kwa miguu yake, akawaacha wanawe nyuma. Mimi nilicheka naye mlangoni. Sikuona tatizo mpaka daktari alipotandaza karatasi zote mezani, akaziwekea mawe pembeni zisipeperushwe na upepo, na kuniita.

“Hawa hawakupewa kitu,” alisema, “na tazama.”

Nikatazama. Mawimbi yalikuwa mazuri, ya mviringo, hayana shaka.

“Basi ni habari njema, Daktari.”

“Si habari njema. Ni habari isiyowezekana. Kule Kakuma haikutokea hivi. Ufunguo wa kabati la vidonge anao nani?”

“Mimi.”

“Na hawa ni watu wako.”

Nilimwelewa, lakini nilitaka alitamke mwenyewe. Akalitamka. Alisema labda niliwaonea huruma, wakinilalamikia kwa lugha yao, nikawapa vidonge chini kwa chini. Vidonge vilikuwa vingi na hakuna aliyevihesabu. Alisema haya yote kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Mtu akinitukana najua la kufanya. Akaendelea kwamba mwisho wa juma anarudi Nairobi, na kama hakuna maelezo mengine atasema ukweli alivyouona: kazi ya Lodwar imeharibiwa na mpimaji. Mashine itaondoka, nami sitashika nyingine popote.

“Mimi sijampa mtu yeyote hata nusu ya kidonge,” nilisema.

“Natamani ningeweza kukuamini.”

Nilitoka nikaubamiza mlango mpaka chupa za spiriti zikalia. Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka mikono inapata joto. Kazi ile ndiyo ilikuwa mimi. Kule Kataboi kuna wazazi waliokuwa wakiwaambia binti zao wasome wawe kama mimi, na sasa wangesikia kwamba nilifukuzwa kwa wizi wa vidonge ambavyo havikuwa na kitu ndani. Sikulia. Nilikwenda kutafuta maelezo mengine.

Nilianza na yule aliyepona kuwashinda wote, mama mzee wa Namoruputh aliyekuwa akikaa kwa binti yake mjini. Alipokuja mara ya kwanza, mgongo ulimzuia hata kuinuka kwenye kigoda. Sasa nilimkuta kando ya barabara na wasuka vikapu wenzake, ameinama juu ya makuti ya mkoma, akivuta na kukaza kama msichana. Tulisalimiana na kuzungumza kwa Kiturkana.

“Ejok, mama.”

“Ejok nooi. Umekuja kunipaka tena?”

“Nimekuja kuuliza. Kuna mtu yeyote aliyekupa kidonge?”

“Kidonge gani? Vidonge mliwapa wale wengine. Mimi niliwahurumia.”

“Uliwahurumia kwa nini?”

“Nilidhani kuna kitu wamenyimwa, mkawapa vidonge kuwafuta machozi.”

“Basi mgongo wako umeponaje?”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamake na binti yake mwenyewe. “Si wewe ulinipaka? Ulipaka, ukauliza, nikajibu, na watu wote wakajibu pamoja nami. Kilichonishangaza ni mbuzi. Mbuzi sikumwona. Nikasema labda serikali imemchinjia nyuma ya hospitali.”

Nilicheka mpaka nikashika goti. Wasuka vikapu wote wakacheka pia, bila kujua tunachekea nini. Halafu nikaacha kucheka.

Kwetu mtu akiugua anachinjiwa mbuzi. Tumbo la mbuzi linapasuliwa, yale majani yaliyosagika nusu yanatolewa yakiwa bado na joto, na mgonjwa anapakwa kichwani na mwilini. Anayepaka anauliza kwa sauti: Mabaya yamekwenda? Watu wote waliopo wanajibu: Yamekwenda! Ametulia? Ametulia! Anauliza na kujibiwa, anauliza na kujibiwa, mpaka amemaliza. Na mgonjwa hanawi. Nilikumbuka beseni langu la maji na sabuni lililokaa kavu Lodwar siku zote zile, na mimi nikidhani watu wangu wanaharakisha kurudi kwa mifugo. Daktari alikuwa amekuja kupima dawa isiyo na kitu, na mimi, kila asubuhi, kabla hajafungua kabati lake, nilikuwa nikiwatibu wagonjwa wote, wenye kidonge na wasio na kidonge, kwa koti jeupe na kwa mkopo wa desturi ambayo bweni lilidhani limeniondolea.

Nilirudi hospitalini karibu nikikimbia. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, sina budi kusema hivyo. Kisha akatikisa kichwa.

“Wanakufurahisha. Wewe ni binti yao.”

“Kalamu hazijui mimi ni binti wa nani.”

Hilo lilimgusa. Nilimwambia ampime tena yule mama mzee, nimpake kimya, kisha nimpake kwa maswali. Akasema mama huyo amekwisha pona, hakuna maumivu ya kupima. Alitaka kichwa chenye maumivu, na ambacho yeye mwenyewe anaweza kukilinda kutwa nzima kisipite karibu na kidonge chochote. Halafu akanitazama paji la uso, mahali ambapo kila upepo wa vumbi ulipovuma nilikuwa nikifunga kitambaa nikapime watu hivyo hivyo.

“Kipandauso chako,” alisema.

Kwa mama wa Namoruputh nilikuwa na uhakika, na kwa yule mzee na wanawe pia. Lakini mimi? Mimi niliufungua mkebe ule kwa mikono yangu. Nilijua uji ule ni chumvi na unga wa kugandisha, basi. Nilijua maswali nilikuwa nimeyatunga mwenyewe ili kuzuia malalamiko. Kama kuna mtu mmoja Turkana nzima ambaye uji ule usingemfanya kitu, alikuwa mimi, na jina langu sasa lilitegemea kichwa changu hicho. Nikakubali. Kukataa kungefanana na kukiri wizi.

Upepo ulikuja siku moja kabla ya safari yake. Asubuhi jicho la kushoto lilianza kunipiga, na kabla ya saa tatu kila mwanga ulikuwa sindano. Kwa mara ya kwanza nilikaa mimi kwenye kile kiti. Daktari alinibandika vijikombe mwenyewe, bila neno, vibaya mno. Alisugua kama anayeondoa kutu, nami nikauma meno nisimfundishe. Akaniamuru nifumbe macho na nisiyafumbue mpaka mwisho, akawasha.

Sikuhitaji macho. Baada ya miaka na mashine za namna ile nilikuwa nikisoma kwa masikio. Nilisikia kalamu zikikwaruza haraka haraka, kavu, kama kuku anayechakura. Hicho kilikuwa kichwa changu. Aliziacha zikwaruze muda mrefu, ili pasiwe na ubishi.

Kisha mlango ukafunguka na nikasikia shanga. Mama wa Namoruputh aliingia, kama tulivyopanga, na nje ya mlango benchi lilikuwa limejaa. Alikuwa amekuja na wasuka vikapu wake wote. Hakugusa waya hata mmoja. Alichota uji mkebeni, akanipaka kwenye paji la uso, kwenye mashavu, nyuma ya shingo. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa makuti.

“Imetulia?” aliuliza.

“Imetulia!” benchi likajibu.

Mimi nilinyamaza. Haikuwa imetulia. Nilikuwa nikihesabu ndani ya uji ule kila kilichomo, na vyote havikufaa kitu.

“Mabaya yamekwenda?”

“Yamekwenda!”

Kalamu ziliendelea kuchakura. Nyuma ya macho yaliyofumbwa nikamwona daktari akikunja karatasi zake, nikajiona nikishuka kwenye gari Kataboi na sanduku, na shangazi zangu wakitazama koti ambalo silo langu tena. Mama akachota tena, akarudi kwenye paji la uso, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni.

“Mtoto ametulia?”

Ilikuwa neno hilo, au kiganja, sijui. Niliwahi kuugua surua kabla ya kupelekwa bweni. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa nimelala kwenye ngozi nyumbani, ziwa likivuma kwa upepo wa asubuhi, na mama yangu akinipaka kitu cha vuguvugu kutoka katikati ya paji la uso kwenda pembeni, na nje watu wengi wakijibu, watu wote niliowajua duniani, na wote wakijibu kuhusu mimi. Mama yangu alifariki nikiwa darasani. Sikuwa nimesikia kiganja chake tangu hapo.

“Mtoto ametulia?”

“Ametulia,” alisema mtu chumbani, na ilikuwa sauti yangu.

Nikasikia kalamu. Ule mchakuro ulikuwa umepungua. Zilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, zote pamoja, kwa mwendo mmoja, mlio niliousikia kwa wagonjwa wangu wote wa Lodwar na ambao sikuwahi kufikiri unaweza kutoka ndani yangu. Jicho la kushoto lilikuwa limeacha kupiga. Nilijua ni chumvi. Nililijua hilo wakati ule ule, vizuri kabisa, na halikubadilisha kitu.

Daktari aliizima mashine mwenyewe. Aliinamia karatasi, akapitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia.

“Ulifumbua macho?”

“Iulize karatasi. Jicho likifumbuka kalamu huruka, ungeona.”

Aliitazama tena. Halafu akaivua ile tai, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akaiweka mfukoni.

“Nilikukosea, sista,” alisema. “Sikukuamini, na ulikuwa umesema kweli. Nitaeleza hivyo huko niendako, na mashine itabaki nawe.”

“Inafaa ibaki,” nilisema, maana nilikuwa nimeanza kurudi katika hali yangu.

Akanitoa vijikombe kimoja kimoja, safari hii taratibu, akachukua lile beseni la maji na sabuni na kitambaa safi, akaniletea kwa mikono miwili. Mama wa Namoruputh akanyoosha mkono kumzuia. Hakukuwa na haja. Nilikuwa nimekwisha inuka, nimeshika koti langu, na nilitoka nikapita katikati ya wale wasuka vikapu, nikapita sokoni na barabara kuu mchana kweupe, sista wa mashine, uji ukinikaukia usoni, nikiwaitikia salamu wote walionisalimu. Sikunawa mpaka ulipobanduka wenyewe.